Rafiki ambaye hapandi jukwaani

Mtu akiniambia tu kuna muvi ya kijana ana gitaa na hana pesa, kwisha habari yangu, nitaitazama mpaka yale majina ya mwisho yapite hata kama ni mbaya, na nyingi ni mbaya wallahi tusidanganyane. Zote zina mpango mmoja. Kijana hana mbele wala nyuma, babake hataki kusikia habari ya muziki, kuna msichana, kuna ugomvi, kuna mvua (kila mara mvua!), halafu mwisho jukwaa kubwa, taa zinawaka, anaimba ule wimbo na babake yuko nyuma kule amesimama analia. Unajua itakavyoisha tangu dakika ya kumi na bado umekaa hapo hapo na chai yako imepoa. Steringi hafi.

Sina neno na hilo. Kinachoniudhi ni maneno ya watu baada ya muvi. Popote wanapoongelea filamu kama hizi utasikia yale yale, jiamini, fuata ndoto zako, usisikize watu. Usisikize watu? Sasa wewe umetazama muvi gani? Manake mimi kila nikizitazama naona kuna mtu mmoja pembeni, hana wimbo, mara nyingi hata kwenye bango la muvi hayupo, na ukimtoa huyo hakuna kitu, kijana wako angekuwa bado chumbani kwao anaandika mistari nyuma ya daftari la hesabu.

Chukua Gully Boy, ile picha ya Kihindi ya Zoya Akhtar ya 2019, iliyoondoka na tuzo 13 za Filmfare mwaka uliofuata. Huku kwetu Mombasa kuna walioipenda kwa Ranveer Singh na kuna walioipenda kwa pale Alia Bhatt anapomvunjia mtu chupa ya kichwa, nawaelewa wote. Murad (ndiye Ranveer) ni kijana wa Kiislamu wa Dharavi, mtaa wa mabanda wa Mumbai, nyumba imebana, babake dereva wa matajiri na ameleta mke wa pili humo humo ndani, mama mtu, nyanya, watoto, wote wanapishana kwenye kijia kimoja. Mtu wa Majengo au Kisauni hahitaji kuelezewa hiyo. Sasa Murad anaandika vizuri lakini kuimba haimbi, haya zimemjaa. Siku anapokwenda kumtafuta MC Sher, rapa wa mtaani, anampelekea karatasi, ati nimeandika hii, uimbe wewe. Sher anamrudishia. Maneno ni yako, imba mwenyewe. Basi. Mimi naona muvi inaanzia pale, si pale anapokuja kushinda nafasi ya kumfungulia Nas, rapa mkubwa wa Marekani. Angetaka, Sher angeichukua ile mistari akaimba na hakuna ambaye angejua, tena nani angemuuliza? Badala yake anamvuta mwenzake mbele mpaka mwenzake anampita, na bado yupo pale anamshangilia.

Halafu kuna Moeen, rafiki wa utotoni, mwizi wa magari, muuza bangi, anayeishia mikononi mwa polisi wakati Murad anapanda. Huyo ndiye niliyemlilia. Kila mtaa una Moeen wake na hakuna anayemtengenezea muvi.

Na kuna jambo jengine kuhusu Gully Boy. Wazo lake limetokana na marapa wa kweli wa Mumbai, Divine na Naezy, na Ranveer amerap mwenyewe, lakini ukisikia MC Sher anarap, sauti ni ya Divine, muigizaji anafungua mdomo tu. Hilo la kufungua mdomo tu ndilo lililonikalisha chini niandike haya yote.

Sisi watu wa Pwani tumelelewa na picha za Kihindi. Mamangu hajasoma Kihindi popote lakini yuwasikia kila neno, shule yake ilikuwa Regal na Naaz na Majestic (sinema za mjini hizo, watoto wa juzi hamzijui), na mpaka leo ukimwekea sabtaito anakwambia toa hayo maandishi yananizuilia sura za watu. Na katika kujua kwake hachanganyi aliyeigiza na aliyeimba. Hakwambii wimbo wa fulani mzuri wa sura, yuwakwambia huu wa Lata, huu wa Rafi. Lata Mangeshkar kaimbia waigizaji wa kizazi baada ya kizazi mpaka akafariki Februari 2022 na uso wake kwenye nyimbo hizo huuoni. Mwanamke mmoja kawa koo ya wanawake chungu nzima! Na mamangu na wenzake walimjua kwa jina hata wasipoijua sura yake.

Kwa hivyo niliporudi na Secret Superstar kwenye flashi kutoka duka la muvi sikuwa na haja ya kumbembeleza mtu. Tulikaa sebuleni mama, khaloo zangu wawili, mwendani wangu na mimi. Ni ya 2017, mwongozaji Advait Chandan. Insia ana miaka 15, anaishi Vadodara huko Gujarat, anataka kuimba, na babake ni mtu wa kuogopwa, anampiga mamake kwa chumvi kidogo tu. Mamake, Najma, anauza mkufu wake wa dhahabu kisirisiri amnunulie mtoto laptopu. Insia anavaa ninja (nikabu), anajirekodi na gitaa, anaiweka YouTube, uso haujulikani, na dunia inampenda. Umeona tayari kwa nini muvi hii na Mombasa ni ndugu.

Ikafika pale baba anapogundua habari ya laptopu. Haivunji mwenyewe. Anamlazimisha yule mtoto aichukue kwa mikono yake aitupe dirishani. Mamake amesimama hapo. Mkufu wote ule unapita dirishani. Khaloo mkubwa akainuka akasema ngoja nikaangalie chungu jikoni. Jikoni hakukuwa na chungu, tulikuwa tushakula na vyombo vishaoshwa. Hakuna aliyemwambia kitu, mama akasimamisha muvi mpaka akarudi, akakaa, akasema haya endesheni.

Mnajua nyumba zetu, sina haja ya kuongeza.

Lakini yule niliyetaka kumtaja hapa ni Chintan. Ni mvulana wa darasani kwao, hana umbo la steringi, mdomo haukai, anamganda Insia mpaka unamuonea yeye aibu. Na ndiye anayemsaidia kukwepa shule, apande ndege mpaka Mumbai akarekodi na kurudi nyumbani wasijue. Hajui muziki, hana studio, hana mjomba kwenye redio. Kazi yake ni kumwambia msichana huyu kila siku kwamba alichonacho ni cha kweli. Ukiandika kwenye karatasi inaonekana kazi nyepesi sana hiyo, jaribu sasa kuifanya kwa mtu aliyezoea kutukanwa kwao.

Na Insia akishafika kwa yule mtunzi, Shakti Kumaar (Aamir Khan mwenyewe, amevalishwa vinguo vya kubana, khaloo mdogo alicheka mpaka akapaliwa na maji), haombi pesa wala haombi umaarufu. Anaomba aunganishwe na yule wakili aliyemshughulikia mke wa Shakti kwenye talaka yao, amsimamie mamake. Khaloo mdogo akaacha kucheka akasema huyu mtoto ana akili huyu. Yaani kipaji chote kile, mtoto anakiona ni mlango wa kumtolea mamake nje. Nimetazama muvi nyingi za watu kujipata na nyingi mtu anajipata kwa kuwaacha wengine nyuma, anafunga begi, anaangalia dirisha la treni, muziki. Huyu kajipata na mamake mkononi.

Mamangu ndiye aliyeuliza mwisho, nani amuimbia? Nikasema anaimba mwenyewe. Akasema mdomo na sauti haviko pamoja pale kwenye wimbo wa pili, wewe huoni. Tukatafuta kwenye simu, kumbe kweli, Zaira Wasim aliyeigiza Insia haimbi, sauti ni ya Meghna Mishra, msichana mdogo naye kama yeye. Sasa tafakari hiyo. Muvi nzima ni ya msichana anayeimba huku kajificha uso, na ndani yake kuna msichana mwengine anayeimba na uso wake hatuuoni! Tukabishana hapo karibu saa nzima, tena ikaongezeka moto mwendani wangu alipowaambia Zaira alitangaza 2019 kuacha uigizaji akisema unamweka mbali na imani yake. Khaloo mkubwa akasema kafanya la maana. Mwendani wangu akauliza, na yule aliyemuimbia, yeye kuna aliyemuuliza anataka nini? Khaloo akamwambia wewe kunywa chai yako.

Mwendani wangu ana sababu ya kuuliza hivyo. Yeye ni mtungaji. Anaandika nyimbo za harusi, za mapenzi, za mafumbo, anapiga kibodi kidogo, hapandi jukwaani kwa sababu kwao hawataki na yeye mwenyewe pia hataki sana. Kuna bendi moja ya maharusi hapa mjini, sitaitaja, iliimba wimbo wake kwenye shughuli kubwa, watu wakatunza, noti zikamwagika, na kwenye maiki wakasema umetungwa na kiongozi wa bendi. Kiongozi mwenyewe hata "vina" hajui maana yake. Mpaka leo hajalipwa hata nauli ya tuktuk.

Mimi kwake ni nani? Mimi ni wa kupokea voisi za WhatsApp saa tano usiku. Kuimba siwezi, sauti yangu ni ya kugombania samaki sokoni, lakini masikio ninayo na mashairi nimekaa nayo tangu mdogo. Nikimwambia ubeti wa pili umezidi mizani anakasirika, anazima data, halafu usiku wa manane inaingia nyengine na iko sawa sawa. Jioni moja tulikuwa Lighthouse, mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu kwenye karatasi, iafoni moja tumegawana sikio langu sikio lake, ananisikizisha wimbo haujamaliziwa, na upepo wa bahari unaingilia hivi kwamba kila mstari wa tatu lazima turudie, na yeye haangalii bahari, ananiangalia mimi usoni nikisikiza. Pale ndipo nilipokumbuka Begin Again, ile ya 2013, Keira Knightley na Mark Ruffalo wanatembea New York usiku na simu moja, waya umegawanywa mara mbili, kila mtu na yake masikioni na muziki ni mmoja. Muvi yenyewe kwangu ni ya wastani, ile habari ya kurekodi albamu nzima barabarani imelainishwa sana, lakini kipande kile mtu aliyekiandika aliwahi kusikizishwa wimbo na mtu.

Sasa turudi kwetu kabisa. Taarabu ya Mombasa ilikula sana kwenye sahani ya picha za Kihindi, hilo si siri. Juma Bhalo, Mungu amrehemu, aliyefariki 2014, alichukua tuni za Kihindi akazivisha Kiswahili kizito, na mengi katika maneno hayo aliyatunga jamaa yake Ahmad Nassir, yule yule wa kitabu cha mashairi cha Malenga wa Mvita. Mmoja ana sauti, mmoja ana maneno. Kanda zinatoka Mbwana Radio Service, mtu anazipeleka Lamu, mwengine anazipeleka Arabuni, na harusini watu wanamuona Bhalo. Wazee mpaka sasa barazani wanaweza kukwambia beti hii ya nani na alimpigia nani fumbo, lakini wazee hao wanapungua. Na si jambo la Bhalo tu, huko nyuma zaidi Siti binti Saad na wenzake walipanda meli 1928 kutoka Unguja mpaka Bombay kurekodi santuri. Bombay! Wakati ambao Wahindi wenyewe hawajaanza kutengeneza picha za kuongea. Hebu niambie hiyo si muvi? Watu wa visiwani ndani ya meli na vyombo vyao, wanakwenda mji wasioujua kuimba Kiswahili kwenye mashine ya kurekodia. Nyinyi mnaotengeneza filamu hapa Mombasa, tuachieni kidogo mapenzi ya ufukweni na majini ya kisimani, tupeni hiyo. Tupeni muimbaji na mtungaji wamekaa sebuleni wanagombana juu ya neno moja mpaka kahawa inakauka kwenye kikombe.

Najua kuna atakayeniambia Bi Kidude hakuhitaji mtu. Nimeitazama As Old as My Tongue, ya Andy Jones, ya 2006, na kweli ukimuona bibi yule na sigara yake na ngoma yake ya unyago unaona huyu hakungoja ruhusa ya yeyote. Lakini hata yeye sauti yake ilipita kwa Siti, alimsikiza Siti akajifunza. Kwa hivyo nimeshinda mimi.

Aliyenisumbua zaidi ni Rodriguez, yule mwanamuziki wa Marekani wa filamu ya Searching for Sugar Man. Alitoa Cold Fact mwaka 1970, Marekani haikununuliwa, yeye akarudi kufanya kazi za kubomoa na kukarabati manyumba Detroit, na huku Afrika Kusini vijana wanaimba nyimbo zake kwa moyo na wanaamini alishakufa zamani. Wakamtafuta, wakampata mzima, 1998 akaenda kuwaimbia. Filamu ikapata Oscar 2013. Nimeipenda lakini ina ujanja, imeruka kabisa kwamba Australia walikuwa wanamjua na alishafanya ziara kule 1979 na 1981, nadhani waliona hadithi itapoa. Sawa. Ila akili yangu ilibaki kwenye uso wake anapohojiwa. Mtulivu. Kule kujipata kwenyewe yeye hakuonekana kuwa na shida nako, waliohangaika ni hao waliokuwa wanamtafuta. Huyu amenivurugia hesabu zangu na nimeamua kumwacha hivyo hivyo.

Buena Vista Social Club ndiyo ninayoirudia nikiwa na mawazo. Ni ya Wim Wenders, 1999, na ukweli ni kwamba kamera inazunguka zunguka mno mpaka kichwa kinauma, lakini wazee wale! Ibrahim Ferrer alikuwa ameshaacha kuimba, anang'arisha viatu Havana kupata ya kula. Mwaka 1996 Ry Cooder, mpiga gitaa wa Marekani, kaja kurekodi, mpango ulikuwa wanamuziki wa Mali wakutane na Wakuba, Wamali wakakwama kwa mambo ya visa (hata muziki una foleni ya visa jamani), ndipo Juan de Marcos González, mwanamuziki wa huko huko Kuba, akaenda kumtoa Ferrer nyumbani. Mzee hataki, anasema yeye na kuimba basi. Akabembelezwa. Alikuwa na karibu miaka 70. Miaka miwili baadaye yuko Carnegie Hall, New York, anaimba, na nje anashangaa majengo kama mtoto. Jina la de Marcos hamlijui wengi wenu na ndiye aliyekwenda kubisha hodi.

Rock On!! ya 2008 itazameni tu, marafiki wanne na bendi yao iliyovunjika, mke wa mpiga gitaa anauza samaki ili nyumba iende na hakuna anayemwandikia wimbo mke huyo. Sehemu ya pili iacheni.

Nimeweka mwisho Sing Street kwa sababu ndiyo iliyotugombanisha. Ya John Carney, 2016. Dublin 1985, pesa zimeisha nyumbani, Conor kahamishwa shule, anamdanganya msichana kwamba ana bendi halafu inabidi aitafute hiyo bendi. Anampata Eamon, nyumba yao imejaa ala za kila aina na sungura, wanakaa kitandani wanatunga, nimependa sana hizo sehemu, hakuna anayetoa hotuba. Lakini steringi wangu mimi ni Brendan, kaka mkubwa, hana kazi, chuo kaacha, anashinda ndani na sahani zake za muziki, na ndiye anayemfundisha mdogo wake kila anachokijua. Kuna siku anapasuka. Anamwambia mimi ndiye niliyefyeka msitu wa wazazi wetu, wewe umepita tu nyuma yangu kwenye njia iliyosafishwa. Nami mtoto wa kwanza kwetu, nilisimamisha muvi nikatoka barazani nikapunga hewa kidogo.

Mwisho Conor na msichana wake Raphina wanachukua kiboti cha babu wanavuka bahari kwenda Uingereza, mvua, mawimbi, feri kubwa inawapita ubavuni, na Brendan aliyewafikisha kwenye maji yuko ufukweni anaruka ruka kwa furaha. Wameandika kwamba muvi ni ya ndugu wote popote walipo. Mimi nililia. Mwendani wangu kakulia Likoni kwenye feri, huyo huwezi kumuonyesha kiboti kama kile kwenye maji yaliyochafuka ukamwambia ni mapenzi. Asema wamezama. Namwambia wamefika, si unaona wanaifuata feri? Asema mtu haifuati feri kwa kiboti, mkondo wa feri ndio unaopindua, waulize wavuvi. Tena, akasema, ni nani aliyewapeleka mpaka pale wakaingia? Si huyo huyo Brendan wako? Basi huyo rafiki wako wa pembeni unayemsifu tangu asubuhi ndiye aliyewaua watoto wa watu.

Tulibishana mpaka bando lake likaisha, na lilipoingia jengine hakuanza na salamu, alianza na "na hawakuvaa hata maboya".